Anafunga na Bado Ananenepa

Mtu akifunga hupungua. Hilo halina mjadala, hata mtoto wa madrasa analijua. Likiingia kumi la pili la Ramadhani, mashavu huanza kubonyea, mikanda hutobolewa tundu jipya, na wanaume wenye vitambi hupita wakijipapasa kwa fahari kana kwamba walikuwa na kazi ngumu. Katika nyumba ya Mahamud Abdirizak, nyuma ya duka lake la vitambaa pale Langas, kila mmoja alikuwa amepungua isipokuwa mkewe. Nasteha alikuwa anaongezeka. Pete ilikuwa imekataa kutoka kidoleni, viatu vilimbana kila ikifika alasiri, na dera alilolishonesha kwa ajili ya Idi lilikuwa limegoma mabegani kabla hata Idi haijanukia.

Mama mkwe wake, Asha, hakuwa mtu wa kuficha analofikiri. Mchana mmoja alimkuta Nasteha jikoni akikanda unga wa sambusa. Akamsogelea mpaka pua yake ikakaribia kugusa midomo ya mkaza mwanawe.

"Pumua," alimwambia.

Nasteha alimtazama, mikono yake imejaa unga.

"Pumua, nikunuse."

Akapumua. Angefanya nini? Mdomo wa mfungaji una harufu yake, na kila Muislamu amefundishwa kwamba harufu hiyo ina thamani kwa Mola. Asha aliinusa thamani hiyo, akajifuta pua kwa ncha ya shali, akasema siku hizi madukani kuna dawa za kila kitu, hata za kunukisha mdomo. Kisha akaenda kwenye msumari kando ya mlango wa stoo, akautungua ufunguo uliokuwa ukining'inia pale tangu Nasteha alipoletwa nyumba hiyo bibi harusi, akaufunga kiunoni mwake. Stoo yenyewe ilikuwa ndogo: mchele, tende, maziwa ya unga, mafuta. Kuanzia siku hiyo mwenye nyumba alikuwa anaomba unga wa nyumba yake.

Nasteha aliendelea kukanda. Alitamani kulia lakini hasira ilikuwa imeziba njia. Tangu wanywe maji ya daku hakuwa ametia hata punje ya chumvi mdomoni, na hakukuwa na mtu yeyote duniani ambaye angeweza kumshuhudia, kwa sababu shahidi wa pekee aliyekuwa naye ni mwili wake, na mwili wake ulikuwa unasema uongo.

*

Lililomkera zaidi ni kwamba nje ya nyumba alikuwa anapongezwa. Nabalayo, aliyeuza sukuma wiki na nyanya kwenye veranda ya duka, alimwambia kila asubuhi kwa moyo mweupe kabisa.

"Mama Ikra, hii Ramadhani yenu iko sawa. Sisi tukifunga siku moja kanisani tunaona giza. Wewe unanona tu. Ama kuna mtoto njiani?"

Hakukuwa na mtoto njiani. Ikra, binti yao wa pekee, alikuwa ameanza shule, na tangu alipozaliwa hakuna aliyemfuata. Wateja wanawake nao, wakichagua mitandio, walimsifu Mahamud kwamba anajua kutunza. Shangazi yake Nasteha alipokuja kutoka Garissa mwaka uliopita alimshika shingo, akaipapasa, akasema sasa huyu ndiye mke wa tajiri. Shingo ya mwanamke kwao ikijaa, ikapata pingili, ni uzuri wa kuimbiwa. Mahamud mwenyewe zamani hizo akimkuta kichwa wazi chumbani alikuwa akiigusa shingo ile kwa kidole na kucheka kwamba ameoa binti wa mwenye ngamia. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, lakini nani akumbuke methali anapotazama mwili ulioneemeka?

Nasteha alijua kuna kitu hakiko sawa. Alikuwa akisikia baridi. Jua la Machi lilipokuwa limewaka hadi Nabalayo anafunika nyanya zake kwa gunia lililolowa, yeye alikuwa amevaa sweta ndani ya buibui. Nywele zilibaki kwenye kitana. Sauti yake, iliyokuwa nyembamba, ilikuwa imekwaruza kama ya mtu aliyetoka kugombana. Usingizi ulimkamata amesimama, mkono juu ya jora la kitambaa. Na hedhi yake ilikuwa imepoteza adabu kabisa: ilikuja ikakaa, ikaaga, ikarudi kama mgeni aliyesahau kitu chake. Kila iliporudi ilimla siku za saumu, na kila siku iliyoliwa ilikuwa kadha, deni la kulipa baada ya Idi. Bado alikuwa na siku za mwaka jana hajazimaliza.

Kabla ya mfungo alikuwa amekwenda kliniki moja mjini. Kijana aliyemwona alimpandisha kwenye mizani, akaandika, akamuuliza umri, akaandika tena. Hakuinua macho.

"Mama, punguza chapati," alisema. "Hapa ni Eldoret, kila mtu anakimbia. Wewe hata kutembea tu asubuhi."

Alimwandikia maneno hayo hayo kwenye karatasi, akagonga mhuri. Nasteha aliporudi nyumbani aliionyesha karatasi ile mwenyewe, kwa mikono yake, akidhani inathibitisha kwamba anaumwa. Baadaye alinunua kwa muuza dawa majani ya kupunguza mwili, yakamweka chooni siku nzima, na mwili haukupungua hata kidogo. Kumwambia avue mtandio, kijana yule hakumwambia. Na yeye kuvua mbele ya mwanaume, hilo halikumjia akilini. Kwa hiyo shingo ilikaa kimya ndani ya kitambaa. Waliokuwa wakiiona ni wale tu walioipenda.

*

Damu ilirudi siku ya Jumanne, asubuhi, yeye amekwisha kutia nia ya kufunga. Sheria iko wazi: mwenye hedhi hafungi. Lakini mwanamke mwenye haya hali hadharani watu wakiwa wamefunga, basi Nasteha alisubiri duka lipoe, akachukua chai ya rangi na kipande cha mkate wa anjera wa usiku, akajibanza nyuma kati ya marobota ya vitambaa. Alikuwa amefikia funda la pili pazia lilipofunuliwa.

Asha alisimama pale, mkono umeshika pazia. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na kitu kibaya zaidi, ule utulivu wa mtu aliyekuwa akitafuta jambo na hatimaye amelipata.

"Mama, niko kwenye siku zangu," Nasteha alisema.

"Siku zako ziliisha wiki iliyopita. Ulioga, ukaswali tarawehe pembeni yangu."

"Zimerudi."

"Damu gani hii, binti Bashir, inayojua wakati wa chai?"

Nasteha aliweka kikombe chini. Alitaka kueleza yote, ile damu isiyo na ratiba, baridi, nywele, usingizi, lakini kila neno alipolipima aliliona linafanana na kisingizio. Asha alilirudisha pazia polepole, kama mtu anayefunika maiti, akaenda zake.

Jioni ile walifuturu. Mahamud alikuwa amerudi kutoka Cheptiret alikokwenda kudai mzigo wake, na mzigo haukuwa umefika. Si mtu mbaya Mahamud. Ni mtu anayependa mambo yaishe. Mama yake alipomaliza kusimulia, alimtuma Ikra akalale, akajipangusa mikono, akamwambia mkewe bila kumtazama sana:

"Apa tu. Chukua udhu utakapotwaharika, shika msahafu, apa kwamba hujala mchana ila kwa udhuru. Mambo yaishe."

"Siapi."

"Kwa nini, kama unasema kweli?"

"Kiapo huombwa mwizi," Nasteha alisema. Sauti yake ilikwaruza, akaichukia. "Na nikiapa leo, kesho nguo ikinibana mtasema nimekula, na juu yake nimeapa uongo. Nipeleke kwa daktari mkubwa, Mahamud. Mimi naumwa."

"Si ulikwenda kwa daktari? Akakuandikia upunguze kula. Karatasi umeileta mwenyewe."

Hapo ndipo aliponaswa. Karatasi yake mwenyewe, yenye mhuri. Asha aliokota makombo ya sambusa kwenye zulia moja moja. Mahamud alikohoa, akasema labda amechoka, duka na nyumba ni kazi nyingi. Baada ya Idi angempeleka Garissa kwa baba yake, mzee Bashir, akapumzike. Ikra angebaki, maana ana shule.

Hakutamka talaka. Lakini Nasteha aliwajua wanawake waliopelekwa kupumzika. Alikuwa na binamu aliyepelekwa Wajir kupumzika, na mpaka leo anapumzika, na watoto wake wanamwita mwanamke mwingine mama. Alikwenda chumbani akalala kando ya Ikra, akaweka mkono juu ya mgongo wake mdogo. Walimtuhumu kula, na alikuwa karibu kunyang'anywa mtoto kwa chakula ambacho hakukila.

*

Kila mwezi Asha alikuwa na miadi ya presha, na kila mwezi Nasteha ndiye aliyempeleka. Ugomvi au hakuna ugomvi, hakukuwa na mwingine. Asha alikuwa ameishi Eldoret miaka mingi, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: bei gani, punguza, lete maji, kula, hapana. Kwa daktari alihitaji mdomo wa mtu mwingine, na mdomo huo ulikuwa wa mkaza mwana. Damu ilikuwa imekatika siku mbili nyuma. Nasteha alikuwa ameoga, amerudi kwenye saumu, na hakuna aliyempongeza.

Daktari waliyemzoea alikuwa amehamishwa. Mahali pake walimkuta mwanamke wa makamo, mfupi, anayetembea upesi, aliyejitaja kwa jina la Chelimo. Alimpima Asha presha, akauliza vidonge anavimeza saa ngapi mwezi huu wa kufunga. Nasteha akatafsiri kwenda, akatafsiri kurudi. Katikati ya jibu la tatu Chelimo aliweka kalamu chini.

"Hebu ngoja. Hii sauti yako, iko hivi siku zote?"

"Ilibadilika tu. Kama mwaka sasa."

"Na hiyo sweta na hii jua?"

"Nasikia baridi."

"Nywele inatoka? Choo inakuwa ngumu? Na period, inakuja aje?"

Nasteha alijibu kimoja kimoja, akishangaa. Ilikuwa kama mtu asiyewahi kufika kwako anakutajia vyombo vilivyo kabatini. Asha alianza kufurukuta kwenye kiti.

"Anasema nini?" aliuliza kwa Kisomali. "Mbona anaongea na wewe? Mgonjwa ni mimi."

"Ananiuliza habari zangu."

"Umemwambia nini?"

Chelimo alikuwa amesimama. Alifunga mlango kwa komeo, akavuta pazia la dirisha.

"Hapa tuko wamama tu," alisema. "Toa hiyo mtandio, nione shingo."

Mikono ya Nasteha ilikuwa mizito. Alifungua pini, akakunjua kitambaa, akahisi hewa kooni. Chelimo alimtazama kutoka mbele, akazunguka nyuma, akaweka vidole vyake vikavu pande mbili za koo, akabonyeza taratibu. Hakusifu. Baada ya pongezi zote zile, Nasteha alishukuru kwa mtu mmoja asiyesifu. Kisha Chelimo akachukua kikombe cha plastiki, akakijaza maji kwenye mtungi uliokuwa mezani, akamkabidhi.

"Kunywa kidogo, umeze nikiangalia. Nataka kuona hii kitu ikipanda."

Maji, kunywa: hayo ni maneno ya sokoni, na Asha aliyajua. Nasteha hakugeuka lakini alihisi macho ya mama mkwe yamemganda usoni. Kikombe kilikuwa mkononi. Maji yalikuwa ya baridi, yanatoa jasho kwenye plastiki.

"Nimefunga," alisema.

"Wewe ni mgonjwa, mama. Hata dini yenu inakubali mgonjwa anywe."

"Najua inakubali."

"Sasa?"

"Sinywi."

Chelimo alimtazama huyu, akamtazama yule mzee. Hakuijua vita ya nyumba ile, lakini alikuwa amekaa vyumba kama hivi miaka ya kutosha kujua kwamba vita ipo.

"Ni tone tu, kwa sababu ya kipimo," alisema kwa upole.

"Daktari, kama mimi ni mtu wa kunywa, ningekuwa nimekunywa zamani." Machozi yalikuwa yamefika, na aliyakasirikia kwa kuja sasa, mbele ya yule. "Nimenuswa mdomo kwangu. Nimenyang'anywa ufunguo wa unga. Mtoto wangu anachukuliwa. Maji yako sinywi, tafadhali, usiniambie tena."

Akakirudisha kikombe mezani. Maji yakamwagika kidogo.

"Sawa," Chelimo alisema. "Basi meza mate."

Meza mate. Jambo jepesi, kwa mwenye mate. Nasteha alifunga mdomo akajaribu. Ulimi ulikuwa mkavu kama mkate wa juzi. Akajaribu tena, koo likakwama nusu njia, akashika ukingo wa meza. Alikusanya, akasubiri, akainua kidevu, na hatimaye akameza kwa shida, kama mtu anayemeza kokwa ya tende.

Na shingo ile ya kusifiwa ikasogea. Ilipanda, uvimbe mmoja mpana wenye mabawa mawili, ukaenda juu pamoja na koo, ukashuka ukakaa mahali pake. Hayakuwa mafuta. Mafuta hayapandi mtu akimeza. Asha alikuwa ameinuka kwenye kiti bila kujua kwamba ameinuka.

*

Chelimo alieleza polepole, akisimama kila baada ya maneno machache ili Nasteha atafsiri.

"Hii ni goita. Hapa kwa shingo kuna tezi ndogo. Kazi yake ni kutoa homoni ya kuambia mwili ichome chakula kwa mwendo gani. Yako imechoka. Ni kama jiko imefunikwa na majivu: unaweka makaa kidogo, na hiyo kidogo haichomeki, inabaki. Sasa ubongo ukiona jiko haiwaki, unapigia tezi kelele, fanya kazi, fanya kazi. Tezi inajikaza, inavimba, na bado haitoshi. Hapo ndiyo unapata baridi, usingizi, damu inakuja bila mpango. Hata mtoto inaweza kukosa kushika."

Nasteha alitafsiri hayo yote. Alipofika penye mtoto sauti ilimpotea, akaanza upya.

"Na mwili?" aliuliza kwa niaba yake mwenyewe. "Hizi kilo?"

"Nyingi ni maji na chumvi mwili imeshika. Mafuta iko, lakini kidogo. Hata ufunge mwezi mzima, haitaenda hivyo. Lazima tupime damu ndiyo niandike dawa, lakini mimi nikikuangalia ninajua itasema nini. Makosa si ya chakula."

Mtu anatafsirije kuachiliwa kwake mwenyewe, kwa hakimu aliyemfunga? Nasteha alisema sentensi fupi, akitazama ukuta. Anasema makosa si ya chakula.

Asha alimtazama. "Amesema yeye hivyo, au unasema wewe?"

Nasteha alicheka, kicheko kibaya kisicho na furaha. Uvimbe umepanda na kushuka mbele ya macho ya mtu, na bado neno lake halina uzito wa punje. Chelimo aliuliza mzee anasema nini.

"Anauliza kama ni wewe umesema, ama ni mimi najitungia."

Chelimo aliweka mikono kwenye mifuko ya koti lake jeupe. Kisha akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Asha, akasema kwa Kiswahili cha sokoni, neno kwa neno, kama anayetaja bei:

"Mama. Huyu, hapana kula. Huyu mgonjwa."

Asha hakuhitaji mtafsiri. Alirudi kitini. Hakuuliza habari za presha yake tena, na vidonge vyake Nasteha ndiye aliyevipokea dirishani. Kabla ya kutoka, akifunga mtandio, Nasteha alimuuliza Chelimo kwa nini yule wa kwanza hakuona.

"Mtu akiona mwili kubwa, anaona chakula tayari," Chelimo alisema. "Anaacha kuangalia. Na wewe usifikiri dawa itafanya miujiza. Ile maji itaenda pole pole, miezi. Zingine zitabaki, ni zako. Usije hapa mwezi ujao ukiniambia hujapungua."

*

Jioni, Mahamud alipouliza habari za presha, mama yake alimjibu jambo jingine.

"Ile safari ya Garissa haipo."

Mahamud aliacha kuvua viatu. "Ameapa?"

"Hakuapa. Alipewa maji, akayakataa. Nilimwona akimeza mate ambayo hana."

Mahamud alisema basi wasubiri majibu ya damu. Nasteha alimsikia kutoka jikoni. Mama mtu ametosheka na alichokiona; mume anataka karatasi. Karatasi ilikuja, yenye mhuri wake, ikasema vile vile alivyosema Chelimo. Mahamud aliisoma chini ya taa ya duka, akaikunja vizuri, akapumua kama mtu aliyepata mbuzi wake aliyepotea.

"Alhamdulillahi," alisema. "Kumbe ni ugonjwa tu."

Tu. Nasteha alilisikia neno hilo dogo likimwingia kama mwiba. Alikuwa amelia siku ngapi, ameomba unga kwa mikono miwili, amelala mkono juu ya mgongo wa mtoto akihofia kwamba zimebaki siku za kuhesabika, na yote hayo leo ni tu. Alipanga tende kwenye sahani, akamimina maji, akaita watu kwenye zulia kama kawaida, kwa sababu jua lilikuwa linazama na sambusa hazijipangi zenyewe.

Walipokaa kungoja adhana, Asha aliingiza mkono kwenye mikunjo ya nguo kiunoni. Ilimchukua muda, fundo lilikuwa limekaza. Akautoa ufunguo, akauweka kwenye zulia kando ya kikombe cha Nasteha. Hakuomba radhi. Asha hakuwa ameomba radhi kwa mtu yeyote tangu alipofiwa na mumewe, na labda hata kabla. Ila aliuweka kwa mkono wa kulia, taratibu, na alipouachia hakuurudisha mkono mara moja.

Adhana ikapanda kutoka msikitini. Nasteha akatamka bismillahi, akala tende yake, akanywa maji mpaka kikombe kikaisha. Yalipita kooni, yakaupandisha ule uvimbe na kuushusha, na safari hii wote watatu walikuwa wanatazama, hata Ikra. Alipomaliza aliuchukua ufunguo, akakifumbua kiganja cha mama mkwe wake, akaurudisha mle.

"Kaa nao, mama."

"Ni wako."

"Ni wangu, najua. Lakini daktari amesema mwili huu hautapungua kesho, wala Idi, wala mwezi ujao. Nguo itanibana tena, na wewe utaanza kujiuliza. Kaa na ufunguo, ili ukijiuliza ujijibu mwenyewe."

Nasteha alimwekea Ikra sambusa, akajiwekea na yeye, akala polepole mbele yao, akitafuna kila tonge mpaka mwisho. Adhana ilikuwa imekwisha zamani. Asha alikuwa bado hajafungua saumu yake. Tende ilikuwa katika mkono mmoja na ufunguo katika mkono mwingine, na hakujua aanze na kipi.